Gambuti za Moto za Trizah Nalianya

Viatu vya msimamizi Kiragu vilifika Mashimoni ndani ya mfuko wa unga, vimekumbatiwa kifuani na mwanamke ambaye vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimevimba hata malapa yakawa hayamwingii sawasawa. Trizah Nalianya aliutazama mfuko, kisha akaitazama miguu ya mdogo wake, na kabla hajaambiwa neno lolote alikwisha kukasirika.

"Hizo ni za nani?"

"Za Kiragu, supavaiza." Rachael alijishusha polepole kwenye benchi la wateja, mkono mmoja gotini kama ajuza. "Ameniambia, si sista yako ni fundi wa viatu huko Kibera? Mpelekee. Zilizima wiki jana. Haziwaki."

"Haziwaki? Hizi ni viatu ama ni taa?"

"Zinawaka ndani, Triza. Ziko na betri. Unabonyeza hapa kando, mguu inashika joto mpaka kisigino."

Trizah alivipakata viatu. Vilikuwa buti nyeusi nzito kutoka ng'ambo, na kando ya kifundo palikuwa na kitufe kidogo chekundu na tundu la kuchajia kama la simu. Alikuwa ameketi kwenye kibanda hiki, kando ya kioski cha maji, miaka kumi na tisa. Alikuwa ameshona viatu vya harusi na vya mazishi, vya polisi na vya wale wanaokimbizwa na polisi, lakini kiatu chenye swichi hakuwahi kukishika.

"Na wewe mbona hukupewa?"

Rachael alicheka kicheko kisicho na furaha. "Zilinunuliwa pea tano. Za masupavaiza."

Kampuni aliyofanyia kazi Rachael ilikuwa ukingoni mwa Kawangware, jengo refu la mabati meupe ambamo kuku waliochinjwa hukatwa, hupimwa na kupakiwa katika karatasi za nailoni kwa ajili ya mahoteli. Ili nyama isiharibike, chumba cha kupakia huwekwa kwenye baridi ya digrii mbili, na sakafu yake ya saruji haikauki kutwa nzima. Wapakiaji ni wanawake ishirini na wawili. Husimama humo saa sita mfululizo, wamevaa gambuti za mpira mwembamba walizopewa siku ya kuajiriwa. Msimamizi naye huingia kila baada ya saa moja akiwa na karatasi mkononi, akahesabu makreti, akamkemea mmoja au wawili, akatoka. Akikawia sana, ni dakika kumi.

"Ngoja nielewe," Trizah alisema. "Anayeingia dakika kumi ndiye anapashwa moto. Anayesimama masaa sita anapewa mpira."

"Wachana nayo, Triza."

"Siwachani nayo."

Na huko kutowachana na mambo ndiko kulikokuwa kumemfikisha alipo. Alizaliwa karibu na soko la Chwele, binti wa fundi viatu aliyekuwa na wana wanne wa kiume ambao hata mmoja wao hakutaka kunusa gundi. Trizah ndiye aliyeketi miguuni pa baba yake kila siku ya soko, akajifunza kusoma viatu kabla hajajifunza kusoma vitabu: huyu hutembelea upande, huyu hubeba mzigo kwa bega la kulia, huyu ana kidonda anachokificha. Alipomaliza kidato cha nne alikuja Nairobi kufanya kazi ya nyumba katika mtaa wa Nyayo Highrise. Akawa anashona viatu vya watoto wa mwajiri wake, halafu vya majirani wa ngazi ile, halafu vya ngazi nyingine, mpaka siku moja akatandika gunia lake Mashimoni na kuketi. Mwaka wa kwanza wanaume walimjia na viatu mkononi na kuuliza, "Fundi ameenda wapi?" Aliwajibu, "Ndiye huyu. Vua." Wengine waligeuza njia. Wengi walirudi, kwa kuwa matope ya Mashimoni hayaoni haya kukiumbua kiatu kilichoshonwa ovyo, na vya Trizah havikuachia.

Lakini kilichokuwa kikiharibika kwa Rachael hakikuwa kiatu. Muuguzi wa zahanati alikuwa amekishika kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto, na kile kilicho karibu nacho, akavibonyeza, akaona damu hairudi haraka. Alimwambia waziwazi kwamba miezi michache zaidi ya baridi ile, na vidole hivyo viwili vingekatwa. Kazini nako, kutoka kwenye laini kwenda kupasha miguu kuliitwa kutoroka kazi. Rachael alikwisha kupata barua mbili za onyo. Ya tatu ingekuwa ya kumfukuza, naye ndiye aliyekuwa akiwalisha watoto wake watatu tangu baba yao alipofariki. Achague kazi au achague vidole: hivyo ndivyo dunia ilivyokuwa imempangia, bila kuona aibu yoyote. Trizah hakukubali kwamba huko kulikuwa ni kuchagua.

"Nenda nyumbani uloweke miguu," alimwambia. "Hizi buti ziache hapa."

Alizifungua kwa kisu chembamba, mshono kwa mshono, bila kukata palipokuwa pazima. Chini ya kitambaa cha ndani alikuta mkeka mwembamba, na ndani ya mkeka waya mwembamba kama unywele, umezungushwa huku na huku kama njia za mchwa. Aliufuata kwa ncha ya sindano kutoka kisiginoni. Ulikuwa mzima, mzima, mzima, halafu umekatika. Na ulikuwa umekatika pale pale ambapo mguu hujikunja mtu anapoinua hatua. Kiatu cha pili kilikuwa vivyo hivyo. Trizah alicheka peke yake hadi mwenye kioski cha maji akachungulia. Kiatu chochote duniani hufia pale. Kila soli iliyowahi kuletwa kwake ilikuwa na ufa pale. Aliyeunda buti zile alikuwa anaujua umeme vizuri sana, ila hakuwahi kuketi siku moja na lundo la viatu vilivyochoka.

Kuunga waya wa namna ile hakukuwa kazi ya uzi na sindano. Alivuka hadi Soweto East, ambako chini ya maghorofa ya serikali Morris Wanzala alikuwa na meza yake ya kutengeneza simu na redio.

"Niaje, fundi," Morris alimpokea. "Leo ni kiatu ama ni simu?"

"Ni vyote viwili. Hii waya ilikatika. Unga, lakini usiirudishe chini ya mguu. Nataka ikae hapa mbele, juu ya vidole, ndani ya kofia ya kiatu. Hapo hapakunjiki."

Morris aliugeuza mkeka kwenye mwanga, akainua nyusi. "Wewe ni injinia wa wapi?"

"Wa gundi. Unga."

Morris alichomelea, akapima kwa mashine yake, akabonyeza kitufe. Trizah aliingiza mkono ndani ya buti. Baada ya dakika moja vidole vyake vilihisi joto la chungu kilichoepuliwa punde. Aliuacha mkono mle kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Morris, unaweza kuunda kitu kama hii? Kutoka mwanzo?"

"Waya ya hivi iko kwa blodraya za kukausha nywele saluni, zenye zimeungua. Betri nitatoa kwa laptopu zimekufa, ndani yake kuna seli zingine bado ziko hai. Hiyo si shida. Shida ni mimi sijui viatu."

"Na mimi sijui umeme. Basi tumetosha."

Siku iliyofuata alikwenda Kawangware mwenyewe. Alimkuta Kiragu langoni, mwanamume mrefu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, akizungumza na Waceke, mama mwenye ploti ambayo kampuni ilijengwa juu yake. Waceke alikuwa na bucha yake ng'ambo ya barabara, na ardhi ile ilikuwa ya ukoo wake tangu Kawangware ilipokuwa mashamba ya mahindi. Alizoea kuja kutazama jengo kama mtu anayetazama ng'ombe aliyemkodisha.

Kiragu alivaa buti palepale, akabonyeza, akangoja. Uso wake ukafunguka.

"Aisee! Zinashika kuliko zikiwa mpya!"

"Kwa hivyo umekubali naweza kazi," Trizah alisema.

"Nimekubali, mathe. Kabisa."

"Basi nataka kumtengenezea mdogo wangu Rachael zake. Avae ndani ya chumba."

Uso ukafungika tena. "Hapana. Hizi ni orijino. Zako ni za Kibera. Zikilipuka huko ndani, nitasema nini? Halafu huyo Rachael shida yake si baridi, ni uvivu. Barua yake ya tatu iko tayari kwa ofisi, imebaki sahihi tu."

 Trizah alikuwa na maneno mengi, na baadhi yake yangemfurahisha sana kuyasema. Lakini aliyemtazama wakati huo hakuwa Kiragu, alikuwa Rachael, aliyesimama nyuma ya lango na aproni yake, na macho yake yalikuwa yakisihi. Kwa hiyo alisema jambo moja tu.

"Mpe zamu moja. Akitoka kwa laini hata mara moja, ama moto ikizima kabla kengele haijalia, weka sahihi. Akimaliza, hiyo barua hakuna, na kila mpakiaji ana ruhusa ya kuvaa."

"Na kwa nini nikubali?"

"Kwa sababu umesema ni uvivu," Waceke aliingilia, akifuta miwani yake kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Kama ni uvivu, atatoka saa ya kwanza, utakuwa umeshinda. Ama unaogopa?"

Soja wa lango alikohoa ili asicheke. Kiragu alitazama huku na huku, akaona kwamba kuna watu wanaosikiliza.

"Ijumaa ya wiki ijayo," alisema. "Na lazima iwe gambuti ya kampuni kwa nje. Usafi."

"Mimi ndiye shahidi," Waceke alisema.

Zikawa siku tisa. Trizah aliwaambia wateja wake wangoje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa na mimba ya miezi tisa. Alikata blanketi kuukuu akashona soksi nene mbili, na juu ya vidole akautandaza waya wa blodraya kwa mishono midogo ya kupinda, kama mwanamke anayetarizi kitambaa cha meza. Nyuzi mbili za umeme zilishuka kutoka hapo, zikapita chini ya unyayo hadi kisiginoni, kisha zikapanda kwenye mfuko wa betri uliokaa kwenye muundi. Alizivisha gambuti juu yake. Aliposimama ndani, vidole vilipata moto, lakini alihisi kuwa soli ya mpira ule ilikuwa nyembamba mno. Saruji ya digrii mbili ingepenya kama vile haipo.

Hapo ndipo mkono wake ulipomponza. Kibera, kiatu hakijaisha mpaka kipigwe soli ya tairi. Alikuwa amepiga soli za tairi maelfu, na mkono uliozoea haungoji kuulizwa. Alichukua kipande cha tairi la gari, akakichonga, akakishindilia kwa misumari mifupi, tak tak tak, akaona raha kwa jinsi kilivyokaa. Akavaa. Akabonyeza.

Sekunde chache zikapita. Kisha moshi ukaanza kutoka kwenye kisigino cha mguu wa kulia, na muundi ukamchoma kama kaa.

"Uuui!"

Aliirusha gambuti ile hadi kwenye mtaro. Wanawake waliopanga foleni ya maji waliangua kicheko cha pamoja.

"Fundi anaungua!"

"Fundi, umeanza kuchoma mutura? Nikatie ya shilingi kumi!"

"Hiyo si kiatu, hiyo ni jiko!"

Trizah alikaa chini akipuliza muundi wake, akawaacha wacheke. Alikwisha kuelewa, na kilichomuuma zaidi ya ngozi ni kwamba alikuwa akijua. Tairi la gari lina nyuzi za chuma ndani yake. Kila fundi viatu wa Kibera amechomwa nazo kidoleni mara zisizo na idadi. Misumari yake miwili ilikuwa imetoboa nyuzi za umeme pale kisiginoni na kuziunganisha na chuma cha tairi, na betri ikamwaga moto wake wote kwa mara moja. Mtu wa ng'ambo asingekosea hivyo, kwa kuwa hakuna mtu wa ng'ambo ambaye angepigilia tairi la gari chini ya gambuti.

"Shukuru ilikuwa mguu yako, si ya Rachael," Morris alimwambia alipoletewa mabaki.

"Ndiyo maana nilianza na yangu."

Alizianza upya. Nyuzi za umeme sasa hazikupita chini kabisa. Zilipanda kutoka kwenye vidole kupitia juu ya mguu. Soli aliikata kwenye tairi la bodaboda, ambalo nyuzi zake ni za nailoni na si za chuma, akaigandisha kwa gundi na kuishona ukingo kwa uzi uliopakwa nta. Hakugusa msumari hata mmoja. Gambuti ziliwaka tangu alipofungua kibanda hadi saa nane mchana, na joto halikupungua.

Lakini Mashimoni si chumba cha kuku. Zikiwa zimebaki siku tatu, Waceke aliwafungulia chumba cha barafu cha bucha yake, na Rachael akaingia, amevaa koti na gambuti, akasimama kati ya mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia. Saa moja ilikwisha, akawa sawa. Nusu saa nyingine, akagonga mlango.

"Zimezima."

Morris alitoa betri kutoka kwenye muundi, akaishika. Ilikuwa baridi kama chupa ya soda. Aliisugua viganjani, akaipuliza kwa pumzi yake, akaipima. "Iko na moto mwingi bado. Haijaisha. Imelala. Baridi inailaza." Aliirudisha na gambuti zikaamka. "Betri ni kama mtu. Ukiiacha kwa baridi, inagoma."

"Hata hiyo imekuwa mvivu," Rachael alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi dada hao wawili walicheka pamoja, wameegemea mlango wa chumba cha barafu.

Trizah ndiye aliyenyamaza kwanza. Alikuwa akitazama mgongo wa Rachael. Kulea watoto katika Julai za baridi za Nairobi kulikuwa kumemfundisha kila mama mahali ambapo kitu kidogo hakipatwi na baridi. Alivua leso aliyojifunga kiunoni, akaipasua katikati bila kusita, akaviringisha betri mbili ndani yake, akainama nyuma ya mdogo wake na kumfungia juu ya kiuno, chini ya koti, fundo likaja mbele, hasa kama anavyofungwa mtoto. Nyuzi za umeme alizishusha ndani ya suruali.

"Unanibebesha mtoto wa nani, Triza?"

"Wa Morris. Simama vizuri, usimwamshe."

Morris alikohoa, akageuka kutazama mapaja ya ng'ombe. Rachael akarudi ndani. Waceke alifunga mlango kwa mkono wake mwenyewe na kuketi kwenye kiti nje, kama mlinzi. Walipomfungulia baada ya saa nne nzima, alikuwa amechoka na ana njaa, na vidole vyake vilikuwa vimelowa jasho.

Ijumaa ikafika. Zamu ilianza saa moja asubuhi. Trizah hakuruhusiwa kupita lango, hivyo alisimama nje pamoja na soja, mikono ameikunja, akiutazama mlango mweupe wa chumba cha kupakia uliokuwa mwisho wa ua. Kila ulipofunguka alichungulia. Kiragu aliingia. Kiragu akatoka. Kiragu aliingia tena kabla ya nusu saa kwisha. Kufikia saa tatu alikwisha kuingia mara tano, yeye ambaye siku nyingine zote aliona mara moja kwa saa inamtosha.

"Mathe, kaa chini," soja alimwambia. "Utamaliza nguvu."

"Mdogo wangu amesimama. Nitakaa vipi?"

Saa nne. Saa tano. Alihesabu mishono kichwani: pale kwenye kidole gumba, alikuwa amepitisha uzi mara mbili au mara tatu? Je, gundi ya soli ingehimili maji ya barafu? Na ile seli moja ambayo Morris alisema ni dhaifu kidogo kuliko wenzake? Alikuwa ametengeneza maelfu ya viatu, na hakuna hata kimoja ambacho mtu angepoteza kazi, au vidole, kwa sababu ya mshono mmoja. Halafu akajiambia kwamba viatu kama hivyo havikuanza leo. Kwa miaka mitatu mdogo wake alikuwa amesimama ndani ya viatu vya namna hiyo hasa, na aliyevitoa hakuwahi kukosa usingizi.

Saa saba kamili kengele ilipigwa.

Mlango ulifunguka na wanawake wakatoka mbio. Trizah hakuwa amewahi kuona jambo lile. Walikimbia kwa vishindo, nyayo zimekufa ganzi, wakavua gambuti kwa pupa, wakajipanga kwenye ukuta uliopigwa na jua na kuzibandika nyayo zao tupu kwenye mabati yaliyopata moto, wengine wakitoa sauti kama za watoto. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo la kila siku. Aliwahesabu. Ishirini na mmoja. Akahesabu tena. Rachael hakuwamo.

"Amekwenda wapi?" Alishika chuma cha lango. "Rachael yuko wapi?"

Kisha mlango ukafunguka mara ya pili, na Rachael akatoka. Hakukimbia. Alikuwa akitembea polepole katikati ya ua, kwa hatua nzima za mtu anayeihisi ardhi, amebeba kreti tupu mkononi kwa kuwa hakuona sababu ya kuliacha. Alipita mbele ya ukuta wa jua bila kuutazama.

Aliyefika langoni kwanza alikuwa Ndunge, mpakiaji wa miaka mingi kuliko wote, ambaye alikuwa amekimbia kuileta habari, soksi zake mkononi.

"Fundi! Wewe ndiye fundi? Ungemuona Kiragu! Saa tano amekuja na ile kipimajoto ya nyama, ile tunadunga kuku nayo. Amesema, 'Toa mguu kidogo.' Amedunga ndani ya gambuti. Sisi wote tumeacha kazi tunaangalia. Kuku digrii mbili, Rachael thelathini na moja!" Alipiga makofi juu ya kichwa. "Thelathini na moja! Nimemwambia, 'Supa, huyo ameiva, mtoe kwa sufuria!'"

Wanawake waliokuwa ukutani waliangua kicheko chao chote kwa mara moja. Trizah alijaribu kucheka akashindwa. Alipitisha mkono katikati ya vyuma, akaushika uso wa mdogo wake, kisha akachutama hapohapo kwenye vumbi na kuinyoosha mikono.

"Nipe mguu."

Rachael alivua gambuti ya kushoto na soksi ya blanketi. Trizah alikibonyeza kile kidole kidogo, na kilicho karibu nacho. Vilikuwa bado vimevimba, kwa kuwa miezi haifutwi kwa siku moja, lakini alipoachia, wekundu ulirudi haraka.

Kiragu alikuja akiwa na karatasi zake. Waceke naye alikwisha kuvuka barabara, na alikuwa na aproni ya bucha yenye damu iliyomfanya aonekane shahidi wa kuogopesha kidogo.

"Sawa," Kiragu alisema. Ni lazima isemwe kwamba hakuwa mtu wa kukana alichokiona. Alimpa Rachael bahasha. "Hiyo ndiyo barua. Haina sahihi. Fanya nayo unachotaka." Kisha akageukia Trizah na kupunguza sauti. "Sasa, mathe, tuongee kazi. Zile pea zingine nne za masupavaiza pia zimekufa. Anza na hizo, halafu tutaona mambo ya hawa."

Trizah alisimama, akajipangusa vumbi magotini bila haraka.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Nitaanza na aliyesimama humo miaka mingi kuliko wote. Halafu anayemfuata. Nikimaliza wote ishirini na wawili, nitashika zako nne. Na kabla sijaanza, unaniandikia hapa, mbele ya Mama, kwamba kila mpakiaji anaruhusiwa kuvaa, na mtu akitoka kupasha miguu kabla hajapata zake, hiyo haiitwi kutoroka."

"Lakini masupavaiza..."

"Masupavaiza wanaingia dakika kumi, Kiragu. Wacha wavae soksi mbili."

Waceke alitoa kalamu kutoka nyuma ya sikio lake, mahali ambapo wenye bucha huiweka, akampa Kiragu. Kiragu aliitazama kalamu. Aliwatazama wapakiaji wengine, ambao sasa walikuwa wameacha ukuta wao na kuja taratibu, peku, hadi wakamzunguka. Akaweka karatasi mgongoni mwa soja na kuandika. Trizah alisoma kila neno, akamrudishia aongeze neno "wote" mahali lilipokosekana, akasoma tena, akaikunja.

"Sasa fungua lango," alisema. "Sishoni kiatu bila kuona mahali kitakapokanyaga."

Akapita. Alivuka ua, akausukuma mlango mweupe, na baridi ikampokea usoni kama kofi. Alivua malapa yake, akaweka nyayo mbili tupu kwenye saruji iliyolowa, akasimama mahali ambapo mdogo wake alikuwa amesimama miaka mitatu. Alijilazimisha kuhesabu hadi mia. Alipofika sitini hakuvihisi tena vidole, na alipofika mia alikuwa analia, si kwa huzuni bali kwa hasira.

Alipotoka nje Ndunge alikuwa tayari amekaa kwenye kreti, mguu ameunyoosha mbele, na nyuma yake foleni imekwisha kujipanga yenyewe kwa miaka ya kazi, bila mtu kusukumwa. Trizah alitoa simu.

"Morris," alisema, "zunguka saluni zote za Kibera na Kawangware. Chukua kila blodraya iliyoungua."